Jinsi ya Kusoma Majibu ya Ini Bila Kuandika Wosia

Majibu ya ini yana mazoea ya kutoka Ijumaa saa kumi jioni, daktari akiwa ameshavua koti. Unakabidhiwa karatasi yenye safu za namba, vifupisho vya herufi tatu tatu, na herufi H iliyokolezwa wino pembeni. Kufika magharibi, picha ya karatasi imeshaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Shemeji aliyewahi kuuza kwenye duka la dawa ameshatoa hukumu, shangazi ameshampigia simu mtu wa mizizi, na mtoto wa mjomba ameshauliza shamba litabaki kwa nani.

Mwongozo huu ni wa saa zile zilizo kati ya Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi. Hautakufanya daktari. Utakufikisha kwa daktari ukiwa na maswali mkononi na wosia ukiwa bado haujaandikwa. Hilo si jambo dogo, maana ini ni kiungo chenye subira ya kupindukia. Huugua miaka na miaka bila kulalamika, na mara nyingi karatasi hiyo unayoiogopa ndiyo ya kwanza kusema kwa niaba yake.

Hatua ya 1: Hakikisha unalia kwa karatasi yako

Kabla ya chozi la kwanza, soma jina, umri, jinsia na tarehe. Majina yetu yanafanana, foleni ni ndefu, na mwenye jina lako huenda alikuwa benchi lilelile. Ukiwa mwanamke wa miaka 34 na karatasi inasema mwanamume wa miaka 61, rudi dirishani kwanza.

Kisha tazama vipimo vimeandikwa kwa uniti gani. Bilirubini, ile rangi ya njano inayotokana na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu, maabara moja huiandika kwa miligramu na nyingine kwa maikromoli. Miligramu 1 kwa desilita ni sawa na maikromoli 17.1 kwa lita. Kwa hiyo aliyepata 1.2 mwezi uliopita na 20 mwezi huu, kwenye maabara mbili tofauti, hajapanda popote. Amesimama palepale, ila ukoo mzima umeshafunga safari kuja kumuaga.

Mwisho, tazama safu ya viwango vya kawaida iliyo pembeni ya jibu lako. Hiyo ndiyo ya kulinganisha nayo, si ile ya jirani wala ya simu yako. Kila maabara ina mashine zake na mipaka yake.

Hatua ya 2: Zungumza na herufi H kwa utulivu

Kiwango cha kawaida hupatikana kwa kupima watu wengi wenye afya na kuchukua asilimia 95 ya walio katikati. Maana yake, mtu 1 kati ya 20 wenye afya njema kabisa ataangukia nje ya mstari, akapewa H au L yake. Sasa fikiria umepimwa vitu kumi kwa mpigo. Kama vipimo hivyo havitegemeani, uwezekano wa angalau kimoja kuwa nje ya mstari kwa bahati tu ni karibu asilimia 40. Kwa hiyo H moja iliyo peke yake, imepita mpaka kidogo, inastahili kipimo cha marudio, si mazishi.

Zipo pia sababu zinazopandisha namba bila ini kuwa na kosa. Ukicheza mpira wa nguvu au kunyanyua vyuma siku moja kabla ya kutoa damu, misuli nayo humwaga AST na hata ALT, vimeng'enya tutakavyokutana navyo katika Hatua ya 3. Damu ikivunjika ndani ya sindano au chupa, AST hupanda. Mwambie mtaalamu wa maabara na daktari ulichofanya jana yake. Hakuna atakayekucheka.

Kinachotakiwa kuangaliwa ni ukubwa wa mruko. ALT ya 55 pale ambapo mpaka ni 40 ni jambo la kufuatilia kwa wiki au miezi. ALT ya 400 ni ya kushughulikiwa mara moja. ALT ya maelfu ni ya leo usiku: huonekana kwa aliyemeza parasetamoli kupita kiasi, kwa homa ya ini ya ghafla, au kwa aliyeanguka presha kiasi cha ini kukosa damu.

Hatua ya 3: Zipange namba kwa mafungu

Kosa kubwa la Ijumaa jioni ni kuchagua namba moja ya kutisha na kuikodolea macho usiku kucha. Namba za ini hazisomwi mojamoja. Zina mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la majeraha: ALT na AST. Hivi ni vimeng'enya vinavyokaa ndani ya chembe za ini. Chembe ikiumia, vinamwagikia kwenye damu. Lifikirie ini kuwa gunia la mahindi lililotobolewa na panya. Mahindi yaliyotapakaa sakafuni yanakuambia gunia limetoboka leo, lakini hayakuambii ndani yamebaki mangapi. Gunia lililokaribia kwisha halimwagi kitu tena. Ndiyo maana mtu mwenye ini lililojaa makovu anaweza kupata ALT ya 28, akaandaliwa pilau la shukrani, ilhali yeye ndiye mgonjwa kuliko wote waliopimwa siku hiyo. Shika hili kuliko mengine yote: ALT ya juu si hukumu, na ALT ya kawaida si msamaha.

Uwiano wa hivi viwili nao una maneno. AST ikiwa mara mbili ya ALT au zaidi, daktari huanza kuuliza habari za pombe. Mjibu ukweli, iwe bia, mbege, ulanzi au gongo, na umtajie kiasi. Yeye hayumo kwenye kamati ya maadili ya mtaa. Anatafuta sababu ili aitibu.

Fungu la pili ni la njia ya nyongo: ALP na GGT, pamoja na bilirubini. Hizi zikipanda sana huku ALT ikiwa imetulia, macho huelekezwa kwenye mifereji ya nyongo, labda kuna jiwe au kitu kinachobana, na ultrasaundi huitwa. Lakini ALP hutoka pia kwenye mifupa na kondo la nyuma. Kijana wa miaka 14 anayeacha suruali fupi kila muhula, na mama mwenye ujauzito mkubwa, huwa na ALP ya juu kwa haki yao. GGT humsaidia daktari kujua kama ALP hiyo imetoka kwenye ini au kwenye mfupa.

Bilirubini nayo ina aina mbili, ile ambayo ini halijaishughulikia na ile ambayo limeshaishughulikia. Ya kwanza ikipanda peke yake, chanzo huenda ni damu inayovunjika, kama kwa mwenye selimundu au malaria kali. Wapo pia watu waliozaliwa na hali iitwayo Gilbert. Wakifunga, wakikosa usingizi au wakiumwa mafua, macho yao huingia unjano kidogo, kisha hutulia. Hali hiyo haina madhara na haihitaji dawa, ingawa wengi wenye nayo wameshanyweshwa kila jani la kijijini.

Fungu la tatu ni la kazi, na ndilo wengi hulipita bila salamu: albumini na INR, na bilirubini tena. Albumini ni protini inayotengenezwa na ini, kwa kawaida gramu 35 hadi 50 kwa lita. INR inapima damu inavyoganda, na kwa asiyetumia dawa za kuzuia kuganda huwa karibu na 1. Hapa ndipo unapojua gunia limebakiza nini. Albumini hushuka polepole, kwa wiki, na huweza kushuka pia kwa utapiamlo au figo zinazovujisha protini. INR hubadilika ndani ya siku chache. Mgonjwa ambaye ALT yake inashuka huku INR na bilirubini zikipanda hajapona. Huyo awahishwe hospitali.

Hatua ya 4: Funua na karatasi ya pili

Siri moja ya ini haiko kwenye karatasi ya ini. Iko kwenye picha kamili ya damu, FBP, kwenye mstari wa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Makovu yakizidi, damu hushindwa kupita kwenye ini kwa urahisi, bandama huvimba na kuzifungia ndani chembe hizo, na idadi yake katika damu hupungua.

Kutokana na hilo kuna hesabu ndogo iitwayo APRI, isiyohitaji mashine ya gharama. Chukua AST yako, gawa kwa mpaka wa juu wa maabara, gawa tena kwa idadi ya chembe sahani, kisha zidisha kwa 100. Watu wawili wana AST ya 60 na mpaka ni 40. Wa kwanza ana chembe sahani 350: anapata 0.43. Wa pili ana 120: anapata 1.25. AST ni ileile, habari ni mbili tofauti. Kwa watu wazima wenye homa ya ini B, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unachukulia APRI inayozidi 0.5 kuwa dalili ya makovu ya maana, na inayozidi 1 kuwa dalili ya ini lililojaa makovu. Si hukumu ya mwisho, lakini ni hesabu ya kumwomba daktari aifanye mbele yako.

Walioishi kandokando ya Ziwa Victoria wawe makini maradufu. Kichocho cha tumbo huweka makovu kuzunguka mishipa ya damu inayoingia kwenye ini huku chembe zenyewe zikiendelea kuchapa kazi. Mtu anaweza kutapika damu siku hiyohiyo ambayo ALT, albumini na bilirubini zake ni za kupigiwa makofi. Mwambie daktari ulikulia wapi na uliogelea wapi. Karatasi haijui.

Hatua ya 5: Usililie kinga yako

Kurasa za homa ya ini B zina vifupisho vinavyofanana kama mapacha, na watu wengi wamelia juu ya jibu zuri kuliko yote. HBsAg ni alama ya kirusi chenyewe. Ikiwa chanya, kirusi kimo mwilini. Anti-HBs ni kingamwili. Ikiwa chanya, na HBsAg ikiwa hasi, una kinga, ama kwa chanjo ama kwa kuugua na kupona. Mwenye jibu hili aandaliwe pilau, maana safari hii linastahili. Anti-HBc huonyesha kwamba kirusi kiliwahi kukutana na mwili wako, na haitokani na chanjo.

HBsAg chanya mara moja haitoshi kuuita ugonjwa wa kudumu. Inapaswa kubaki chanya kwa zaidi ya miezi 6. Na hapa umri wa kuambukizwa ndio wenye neno: kati ya watoto wachanga wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, takribani 9 kati ya 10 hubaki na kirusi maisha yao yote, ilhali kwa watu wazima ni chini ya asilimia 5. Ndiyo maana mtu aliyegundulika akiwa na miaka 40 huenda amekuwa nacho tangu alipozaliwa, na kumtuhumu mwenzi wake kwa sababu ya karatasi moja ni kuvunja nyumba bila ushahidi.

Kikombe, sahani, kukumbatiana na kula chungu kimoja haviambukizi. Damu, kujamiiana bila kinga, wembe wa kushirikiana na uzazi ndivyo huambukiza. Kumtengea ndugu kijiko chake ni kumwumiza bure.

Ukiwa na HBsAg chanya, si wewe peke yako. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 254 wenye homa ya ini B ya kudumu mwaka 2022. Dawa ya tenofovir hukituliza kirusi kwa wengi wanaohitaji tiba. Kwa homa ya ini C habari ni nzuri zaidi: kipimo cha kingamwili kikiwa chanya, maana yake umewahi kukutana na kirusi. Kipimo cha RNA ndicho husema kama bado kipo. Kikiwepo, vidonge vya kati ya wiki 8 na 12 huponya zaidi ya watu 95 katika 100.

Hatua ya 6: Msimbo si jina lako jipya

Sasa unafika kwenye fomu ya bima na kukuta umeitwa K76.0. Usijitambulishe hivyo msibani. Mifumo hii ya misimbo ilianzia kwenye kuhesabu. Mtakwimu wa Paris, Jacques Bertillon, aliwasilisha orodha yake ya sababu za vifo mjini Chicago mwaka 1893, na kutoka humo likakua Ainisho la Kimataifa la Magonjwa tulilonalo. Toleo la 10 lilipitishwa mwaka 1990 na bado ndilo lililo kwenye fomu nyingi. Toleo la 11 lilianza rasmi tarehe 1 Januari 2022.

Anza na herufi. K ni ya magonjwa ya mfumo wa chakula, na ini limepewa K70 hadi K77. B15 hadi B19 ni za homa za ini za virusi. C22 ni saratani ya ini. R ni ya dalili na majibu yasiyo ya kawaida ambayo chanzo chake bado hakijajulikana: R17 ni umanjano, R94.5 ni vipimo vya ini visivyo vya kawaida. Ukikuta R, elewa kwamba kazi ya kutafuta ndiyo imeanza. Hukumu haijatoka.

Baada ya hapo, namba. B18.1 ni homa ya ini B ya kudumu isiyo na kirusi cha delta, B18.2 ni C ya kudumu. K70.3 ni ini lenye makovu kwa sababu ya pombe. K74.6 ni makovu ya namna nyingine au yasiyotajwa chanzo. K76.0 ni mafuta kwenye ini. E80.4 ni ile hali ya Gilbert, wamiliki wake wapumue.

Mambo mawili uyajue. Kwanza, msimbo hausemi ukubwa wa ugonjwa. Kijana mwenye B18.1 anayecheza ligi ya mchangani na baba mwenye B18.1 ambaye ALT yake ni 300 wanabeba msimbo uleule, lakini matibabu yao hayafanani hata kidogo. Pili, msimbo huandikwa na binadamu aliyechoka. Kama hujawahi kugusa pombe na fomu yako inasema K70, uliza kwa heshima, palepale. Tarakimu moja iliyokosewa inaweza kukufuata kwenye bima na kwenye faili kwa miaka, na kumfanya daktari wa kesho atafute ugonjwa usio wako huku ulio wako ukikua.

Hatua ya 7: Yasiyofanywa kabla ya Jumatatu

Usinywe dawa ya kusafisha ini. Ini ndilo linalosafisha, na kila chupa isiyojulikana kilichomo ni kazi ya ziada kwa kiungo ambacho tayari kinaomba likizo. Baadhi ya mitishamba hulichoma ini lenyewe. Acha pombe yote, hata ile ya harusi.

Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye ugonjwa wa ini amwulize daktari kiwango chake, kwa kuwa huwa cha chini zaidi. Hesabu pia parasetamoli iliyojificha kwenye dawa za mafua.

Usiache tenofovir au dawa za kufubaza VVU kwa hofu ya namba. Kirusi cha B huweza kulipuka dawa ikikatwa ghafla. Anayetumia dawa za kifua kikuu akiona macho ya njano au kutapika mfululizo, arudi kliniki siku hiyohiyo, maana baadhi ya dawa hizo huweza kuliumiza ini na daktari ndiye ajue ipi isimame.

Mahindi na karanga zenye ukungu zitupwe. Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya kwa kuliharibu ini, na kwa mwenye homa ya ini B sumu hiyo huongeza sana hatari ya saratani.

Yapo yasiyosubiri Jumatatu hata kwa saa moja: kutapika damu, choo cheusi kama lami, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida, tumbo lililojaa maji likiambatana na homa au maumivu, umanjano unaoongezeka kwa kasi, na umanjano wowote kwa mama mjamzito. Hapo funga karatasi, tafuta gari.

Hatua ya 8: Jumatatu imefika

Nenda na karatasi zote, za mwaka huu na za zamani, zimepangwa kwa tarehe. Namba tatu zilizopimwa kwa miezi tofauti zina ushahidi mzito kuliko namba moja ya kutisha. Nenda na orodha ya kila unachomeza, hata cha mizizi. Kisha uliza maswali manne na usisimame kitini kabla hayajajibiwa. Je, tatizo langu ni la kuumia kwa chembe, la njia ya nyongo, au la ini kushindwa kazi? Chanzo ni nini, na msimbo ulioandikwa unalingana nacho? Kuna dalili za makovu, na mmezijuaje? Nirudi lini, kupima nini?

Nanyi madaktari wetu, mgonjwa anayeuliza hajawadharau. Dakika tano za kumweleza zinamwokoa na chupa ya mizizi ya miezi mitatu, na zinamrudisha kliniki kabla tumbo halijajaa maji.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa ukidhani mwongozo huu ni wa wagonjwa, jiulize kama umewahi kupimwa HBsAg hata mara moja. Watu wazima wengi walizaliwa kabla chanjo ya homa ya ini B haijaingia kwenye ratiba ya watoto Kenya na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kapime wiki hii. Ukiwa hasi na huna kinga, omba chanjo na ukamilishe dozi zote. Ukiwa chanya, wapeleke mwenzi na watoto wakapimwe, anza kufuatiliwa, na wosia uache kwanza. Unayo kazi ya kufanya.